Tunalipa dizeli kupeleka maji Pugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hizi ndoo za rangi za kutenganishia taka. Kila ikikaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, lazima ukute sehemu zimepangwa ndoo tatu nne hivi, kijani, bluu, njano, watu wamevaa tisheti mpya wanapiga picha, afu ukipita baada ya muda unakuta ndoo zote zina kitu kilekile, ganda la ndizi, chupa ya maji, pampasi, foili ya chipsi. Hapo ndo zinaanza lawama, oh wabongo hatuna ustaarabu. Mi sikubali. Mtu anaweza kujibana nyumbani kwake akatenganisha vizuri kabisa, guta la taka likija linamwaga vyote sehemu moja mbele ya macho yake, sasa kesho atenganishe ili iweje?

Kwa hiyo tuanzie kwenye guta, sio kwenye ndoo.

Taka za majumbani hapa Dar zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya mchicha, makombo ya ugali, machicha ya nazi, maganda ya machungwa. Na hivi vitu ni maji matupu, kwenye kilo kumi za mabaki ya jikoni karibu kilo saba ni maji. Yani tunachangishana ada ya taka, mzabuni aliyepewa kazi ya kuzoa taka ananunua dizeli, gari linapambana na foleni mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, na sehemu kubwa ya mzigo wake ni maji! Zikifika kule zinafukiwa na taka nyingine, zinaozea chini bila hewa, zinatoa gesi ya methani na yale maji meusi yanayonuka yanayoshuka ardhini.

Sisi wa Tabata haya mambo tunayajua toka zamani. Mwaka 1988 wakazi wa huku walikuwa mahakamani na halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa Tabata, moshi na harufu, na Mahakama Kuu iliwasikiliza, ikaligusa mpaka suala la haki ya kuishi iliyoko kwenye Katiba. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, mwaka 1991 wananchi wa kule nao wakaenda mahakamani wakashinda. Ikaja Vingunguti, ikaja Mtoni, sa hivi Pugu. Miaka yote hiyo kazi ni kuhamisha tu, na mji wenyewe unazidi kusogea kulekule Pugu, sijui tukitoka hapo tutaelekea wapi, labda Chalinze.

Mimi nashauri ndoo mbili tu kwa kila nyumba. Moja ya kuoza, moja kavu. Japani kuna mji mdogo unaitwa Kamikatsu, watu hawafiki 1,500, wanatenganisha taka kwa makundi zaidi ya 40, na wameanza huo mpango wa kutobakiza taka toka 2003, nawapa hongera zao, ila kwenye nyumba za kupanga za kwetu, wapangaji kibao na choo kimoja na bomba moja, ukileta makundi yote hayo utaleta ugomvi. Mbili zinatosha, na pampasi na taulo za kike ziwe kwenye mfuko wake pembeni. Nyongeza moja tu, wembe na sindano wekeni kwenye chupa ngumu yenye kizibo, wale vijana wanachambua taka kwa mikono mitupu jamani.

Zile za kuoza zina wateja, hilo ndo watu hawalioni. Wafuga nguruwe wanawapitia mama ntilie kuchukua makombo, hawajafundishwa na semina yoyote. Mwenye kieneo uani anaweza kutengeneza mboji, unachanganya maganda na majani makavu au maranda ya kwa fundi seremala, unageuza mara mojamoja hewa iingie, inabaki na unyevu ila isilowe, miezi miwili mitatu una mbolea ya bustani. Ikinuka ujue maji yamezidi, ongeza maranda.

Na kuna hii ya funza, naona wafugaji wengi wa kuku sa hivi wanaiongelea. Sio wa nzi hawa wa chooni, ni nzi mweusi mwembamba anafanana kidogo na nyigu, akishakuwa mkubwa hana shida na chakula chako kwa sababu hahangaiki kula kama hawa wengine, yeye anatafuta mwenza, anataga, anakufa. Funza wake ndo mlaji, anakula mabaki ya jikoni kama wiki mbili hivi ananenepa, akikaushwa kama asilimia 40 yake ni protini. Mfuga kuku yeyote anajua bei ya dagaa na mashudu inavyoumiza, na wale dagaa nasi tunawataka mezani. Sasa chakula cha kuku kiko kwenye ndoo ya jirani yako na jirani anamlipa mtu akakitupe.

Ndoo kavu nayo haihitaji mahubiri. Biashara ya makopo, chupa, maboksi na chuma chakavu ipo mitaani siku zote, mafundi wanageuza alumini chakavu kuwa masufuria, matairi yanakuwa katambuga, madebe yanakuwa majiko. Kinachoharibu ni uchafu. Boksi likishalowa mchuzi halina mnunuzi, chupa yenye matope inashushwa bei. Halafu plastiki sio kitu kimoja, ile ya chupa ya maji inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250 wakati ya ndoo au galoni inayeyuka kwenye nyuzi kama 130, ukizichanganya kwenye mashine moja hupati kitu cha maana. Nairobi yule dada mhandisi Nzambi Matee anatengeneza matofali ya kutandaza chini kwa plastiki na mchanga, Umoja wa Mataifa ukampa tuzo mwaka 2020, na Lamu mafundi wa majahazi waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar, mwili wake umepambwa kwa ndala kama elfu 30. Watu wanashangaa jahazi, ila mi nawaza wale waliokaa chini wakachambua plastiki moja moja kabla fundi hajashika chochote.

Na kabla sijasahau, soda za chupa za kioo. Kila mtoto aliyetumwa dukani anajua ukitaka kuondoka na chupa unaacha hela, ukirudisha unapewa hela yako. Huoni chupa ya soda imezagaa mtaroni, za maji ndo zimejaa huko mpaka mvua ikinyesha maji hayana pa kupita. Ujerumani toka 2003 wanatoza senti 25 kwa chupa nyingi za plastiki na makopo, unarudisha dukani unarudishiwa. Mbona sisi utaratibu tunao tayari dukani kwa mangi, kwa nini za plastiki ziachwe?

Nirudi kwenye guta. Wanachotakiwa kufanya manispaa ni kubadilisha mkataba wa mzabuni, basi. Iandikwe kwamba siku fulani anabeba za kuoza tu na siku fulani kavu tu, akichanganya halipwi, na nyumba iliyotenganisha ada yake ishuke. Sio jambo geni, majirani zetu wa Bonyokwa shirika la Nipe Fagio lilishaanzisha ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba na taka zinatenganishwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa kulekule zinakozalishwa. Mwaka 2019 Juni mosi serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, watu walibisha wiki ya kwanza afu wakazoea vikapu, kwa hiyo msituambie wananchi ni wagumu.

Ombi langu kwa wahusika, mkataba ujao wa mzabuni wa taka huku kwetu ukija kusainiwa, itisheni kwanza mkutano wa mtaa tuusome wote. Tunataka Jumatatu na Alhamisi za kuoza, Jumamosi kavu. Na wale wafuga kuku na nguruwe nao waitwe.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam