Shoga, mimi nimeanza homoni

Shoga yangu,

U hali gani lakini? Ile meseji yako ya "homoni umri huo, unataka kuzaa tena?" nimeicheka mpaka nikapaliwa, ila najua umeingia wasiwasi kwa ule utafiti uliosikia kwamba homoni zina hatari, ndo maana nakuandikia kirefu.

Ujana siutafuti, ushaenda zake. Shida yangu mifupa. Si unakumbuka nilivyoteleza nikavunjika mkono, yani kuanguka kule mtoto angeinuka akaendelea kukimbia. Basi daktari akanipeleka kwenye DEXA, ile skani ya mifupa, unalala tu mashine inapita juu yako haiumi hata kidogo, majibu ya uti wa mgongo yakatoka -2.9, hiyo ni alama ya kulinganisha mfupa wako na wa kijana, na wao kuanzia -2.5 kushuka chini wanaita osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu. Kumbe ndo maana sketi zangu zote siku hizi zinaburuza, nimefupika!

Estrojeni, ile homoni ya kike, ndo ilikuwa breki ya zile seli zinazokula mfupa, hedhi ikishakoma breki hakuna.

Walianza kunipa alendronati, kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, unakunywa asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji halafu nusu saa usile wala usilale. Na mimi na kiungulia changu unachokijua, kila nikimeza kifua moto. Sindano zipo pia, hizo tumeziweka akiba kwanza, ndo tukafikia homoni.

Sasa huo utafiti unaokutisha, ule wa WHI, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa Marekani, wa vidonge vya estrojeni na projestini (homoni inayofanana na projesteroni ya mwili), ni kweli ulisimamishwa 2002 maana saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka. Lakini mbona hakuna anayesema kwamba humo humo kuvunjika nyonga kulipungua kwa kama theluthi? Ila nami sijidanganyi, wanawake wale wastani wao ulikuwa miaka 63, mabibi kama mimi, kwa hiyo siwezi kusema haunihusu. Madaktari wanapendelea uanze homoni kabla ya 60 au isipite miaka 10 tangu hedhi ikome. Mimi nina 62 na ilikoma nikiwa na 54, kwa umri nimepitwa, kwa hesabu ya miaka tangu ikome bado nimo, daktari mwenyewe alisitasita, akataka presha, mamografia (picha ya matiti), akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuganda damu mguuni, ndo akakubali kwa dozi ndogo.

Natumia plasta, sio kidonge. Dawa inapita kwenye ngozi haianzii kwenye ini, na hiyo ndo inapunguza hatari ya damu kuganda. Nabandika chini ya kiuno, kamwe sio kwenye titi, nabadilisha mara mbili kwa wiki, kero yake kingo zinakusanya nyuzi za nguo za ndani zinakuwa nyeusi kama sijaoga. Halafu kizazi bado ninacho kwa hiyo projesteroni lazima, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na mwishowe inaweza kuleta saratani. Hiyo nameza usiku, weee, usingizi wake! Maziwa yaliniuma mwanzoni yakatulia. Nimeambiwa damu ikitoka bila mpango nisinyamaze, niende.

Kinachonikera hasa ni kwamba siku nikiacha, mfupa unaanza kuisha tena, lazima wanibadilishie dawa nyingine ya kuulinda, kwa hiyo hii si ya kuanza ukajiachia tu.

Wewe je? Una 53 na unaamka umelowa jasho kila usiku halafu unasema ni joto. Wewe ndo uko kwenye wakati wake hasa, nenda ukaongee na daktari, na ile ya mama yako kuvunjika nyonga itaje, usiseme ni mambo ya wazee, mzazi kuvunjika nyonga wanaihesabu kwenye hatari yako. Ukipata siku niambie nikusindikize, mkono umepona naweza kubeba pochi yako.

Wako wa siku zote