Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Freemason, Wanawake na Ibara ya Nne ya Katiba Yetu

Wanachama wenzangu, wajumbe wa Kamati Tendaji, mama zetu walezi na wageni waalikwa, salaam.

Mkutano mkuu uliopita, hapa hapa Magomeni, mliazimia kwamba mada yetu ya mwaka ya kusoma na kujadili iwe wanawake na Freemason, ule udugu wa zamani wenye viapo na sherehe za faragha. Usiku ule simu yangu haikupumzika. Wengine waliuliza kama mwenyekiti nimeingizwa mkenge, na mama mmoja akajitoa kwenye kundi la WhatsApp mpaka mada iishe. Amerudi, na leo amekaa safu ya mbele. Hesabu za fedha nawaachia mhazina. Niseme tu kwamba ada zimelipwa bila kufukuzana na hakuna aliyefiwa akakosa rambirambi.

Kwa wageni, mada hii ilianzia sokoni Karume. Binti wa mwanachama mwenzetu anauza mitumba pale. Alipata ujumbe wa simu ukimkaribisha ajiunge na Freemason wa Dar es Salaam, awe tajiri. Akalipia fomu. Ikaja pesa ya pete, ikaja ya kusafisha nyota, na alipodaiwa ya gari la kwenda kumchukua, mtaji wa belo zima ulikuwa umeshakwenda na ile namba haipatikani tena. Matangazo ya namna hiyo mnayaona wenyewe yamebandikwa kwenye nguzo za umeme.

Tungekuwa tumesoma mapema, pesa ile ingepona. Freemason wa kweli hatafuti watu kwa ujumbe wa simu. Anayetaka kuingia anaomba mwenyewe, kisha anachunguzwa na kupigiwa kura. Pili, loji za hapa mjini, yaani vikundi vyao vya kukutania, zilizo chini ya United Grand Lodge of England, chombo kikuu cha Freemason wa Uingereza, ni za wanaume watupu. Ujumbe unaomwita msichana wa Karume ajiunge nazo umeshajiumbua kabla hajafika kwenye bei ya fomu. Na watu wenyewe hawajajificha kiasi tunachodhani. Ukumbi wao uko Sokoine Drive, unapita nao ukienda kivukoni. Marehemu Sir Andy Chande, aliyeongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, tunamjua kama mtu ambaye viwanda vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967, kisha Mwalimu akamwomba abaki aendeshe Shirika la Taifa la Usagishaji. Alipofariki mwaka 2017 magazeti yalimwandika wazi.

Sasa historia, ambayo ndiyo iliyotuchelewesha kurudi nyumbani. Loji nne za London ziliungana mwaka 1717. Mwaka 1723 ikachapishwa katiba yao, iliyoandikwa na mchungaji wa Kiskoti, James Anderson, na ndani yake wakakataliwa kwa pamoja watumwa, wanawake na wanaume wasio na maadili. Sentensi hiyo moja tuliijadili kikao kizima. Nesi wetu mstaafu ndiye aliyeuliza: mtumwa hana hiari, mwovu ana tabia yake, mwanamke kawekwa hapo kwa kosa gani? Jibu lililozoeleka zamani ni kwamba mwanamke hawezi kutunza siri. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa na kungwi. Bibi zetu walifundisha unyago kizazi hadi kizazi na hakuna mwanaume aliyejua kilichosemwa ndani. Na mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipowatafutia TANU wanachama wanawake katika mji huu, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu huko ndiko wanawake walikokwisha jipanga na kuaminiana.

Wenye mlango hawakuufunga kabisa wakati wote. Inasimuliwa kwamba huko Ireland, mnamo mwaka 1712, binti aitwaye Elizabeth St Leger, baadaye Bi. Aldworth, alisikia sherehe ya loji nyumbani kwa baba yake kupitia ukuta uliokuwa ukikarabatiwa. Alipokamatwa, wanaume wale waliona njia salama ni kumwapisha awe mmoja wao. Ufaransa ikaja na loji za wanawake zilizolelewa na loji za wanaume, zikatambuliwa na Grand Orient, chombo kikuu cha Freemason wa huko, mwaka 1774. Zile mimi sizihesabu sana, maana funguo zilibaki mfukoni mwa kaka.

Ninayemhesabu ni Maria Deraismes, mwandishi na mpigania haki za wanawake. Tarehe 14 Januari 1882 loji ya Le Pecq, karibu na Paris, ilikaidi utaratibu ikamwingiza. Kelele zilikuwa kubwa, na loji nyingine hazikufuata. Akangoja miaka kumi na moja. Tarehe 4 Aprili 1893, yeye na daktari Georges Martin, aliyekuwa pia seneta, wakaanzisha chombo kipya cha wanaume na wanawake kwa usawa, ndicho kinachoitwa Le Droit Humain. Mwaka uliofuata Deraismes akafariki. Annie Besant, mwanaharakati wa Kiingereza, alijiunga nacho mwaka 1902 akakipeleka Uingereza. Mwaka 1908 baadhi ya wenzake wakajitenga, na kundi lao baadaye likawa la wanawake peke yao, Order of Women Freemasons. Mwaka 1999 United Grand Lodge of England ilikiri kwamba wanawake hao wanafuata taratibu sahihi isipokuwa hilo la kuwa wanawake, na ikabaki bila kuwatambua rasmi. Mama mmoja alicheka mpaka akatoa miwani. Grand Orient ya Ufaransa iliziruhusu loji zake kupokea wanawake mwaka 2010.

Maadili yenyewe hayana ubaya: upendo wa kindugu, kusaidiana, ukweli. Kwa Waingereza lazima uamini kuna Mungu, lakini dini na siasa hazijadiliwi lojini. Kanuni hiyo naipenda. Kwetu ningeongezea Simba na Yanga. Ninachokataa ni undugu wa watu wote unaoandikwa na mkono uleule uliowaacha nusu yao nje.

Hapo ndipo tulipobanwa sisi. Dada anayetupikia vikaoni amekuwa akisikiliza mwaka mzima akigawa chai, na mwezi uliopita aliniuliza kama anaweza kujiunga. Nikafungua katiba yetu. Ibara ya nne inataka wadhamini wawili na cheti cha kidato cha nne. Wadhamini amepata siku hiyohiyo. Cheti hana; shule aliacha darasa la saba.

Kamati imegawanyika, na nisiwafiche. Wanaotaka cheti kibaki wanasema mijadala itashuka kiwango, na kwamba waasisi waliweka sharti hilo ili wanawake wasomi wapate mahali pao. Naheshimu hoja ya pili, kwa sababu wakati ule pahali hapo hapakuwepo. Ya kwanza sikubaliani nayo. Swali la kama Bi. Aldworth aliulizwa anataka kuapishwa au alilazimishwa, lililotusumbua vikao viwili, liliulizwa na dada huyo akiwa ameshika birika.

Napendekeza kifungu cha cheti kifutwe na cha wadhamini kibaki kama kilivyo. Maneno ya marekebisho yako ukurasa wa mwisho wa kabrasha lenu. Kura ni ya siri, na inahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria. Dada mwenyewe ameomba asiwepo ukumbini wakati wa kuhesabu, na amesema pilau itakuja saa saba vyovyote itakavyokuwa. Karibu mhazina.