Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulichojifunza Mezani kwa Msomaji

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika hapa Tabora mjini na mliokwama njiani kutoka Urambo na Sikonge kwa sababu ya mvua. Habari za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba hatudaiwi na mtu, na ukumbi tumeendelea kuazimwa bure. Tunashukuru sana.

Muda wangu nautumia kwa mafunzo yetu ya uandishi wa barua za ofisi. Mji huu umefundisha kazi za ofisi kwa miaka mingi, tangu enzi za Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Wengi wetu tulipitia pale. Labda ndiyo maana miaka iliyopita tuliwafundisha wenzetu kama tulivyofundishwa sisi: mahali pa kuweka kumbukumbu namba, nafasi ya anuani, nukta na mkato. Wauguzi, wahasibu na maafisa ugani waliandika yote kwenye madaftari, wakarudi ofisini, wakafungua jalada na kunakili barua ya zamani. Hiyo ndiyo shule halisi ya uandishi kazini, jalada la aliyekutangulia.

Mwaka huu tulibadilisha. Kila mmoja alikuja na karatasi iliyotoka mezani kwake, majina yakiwa yamefutwa, na tulimwalika msomaji mmoja asiye mtu wa ofisi. Jumamosi ya kwanza alikuja mzee mfuga nyuki. Mwanachama mmoja alimpa barua yake iliyosema: “Unajulishwa kuwa zoezi la uwasilishaji wa nyaraka za usajili linapaswa kufanyika kwa kuzingatia taratibu zilizowekwa kabla ya muda uliopangwa kukamilika.” Mzee aliisoma kwa sauti, polepole, akaivua miwani. “Wanangu, nimesoma yote. Sasa niende lini, na nibebe nini?”

Mwandishi alipoulizwa ni nyaraka zipi hasa, alikaa kimya, kisha akasema itabidi aulize ofisini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulielewa kwa miaka yote niliyofundisha: sentensi ile haikuharibiwa na sarufi. Ilikuwa ngumu kwa sababu aliyeiandika alikuwa hajajua anataka nini kwa mzee. Maneno kama “zoezi la uwasilishaji” yanamsitiri mtu ambaye bado hajaamua, na kauli zetu za kutendwa, “imeamuliwa”, “inaelekezwa”, zinamficha aliyeamua. Mwandishi alipiga simu ofisini, akapata jibu, akaandika upya: “Lete katiba ya kikundi na orodha ya wanachama ofisini kwetu kabla ya Ijumaa, tarehe 30 Mei.” Mzee alicheka. “Kumbe ndicho mlichotaka!”

Tangu siku hiyo tunaanza na maswali ya mzee, na sarufi inafuata baadaye. Dokezo, yaani andiko la ndani ya ofisi kwenda kwa mkuu, nalo tunalipima hivyo hivyo: aya ya kwanza iseme unaomba aamue nini.

Wenzetu wa mahakamani nao walituomba msaada. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya sheria na ya utoaji haki kuwa Kiswahili, lakini wao walisoma sekondari na chuo kwa Kiingereza. Ukisoma rasimu zao unaona Kiingereza kimelala chini ya kila mstari. Hawa wanahitaji muda mrefu, na Jumamosi moja tuliyowapa haikutosha. Hilo ni deni letu.

Kuna jambo limeniuma. Mhasibu mmoja, mwanafunzi wetu hodari, aliandika barua ya nusu ukurasa, safi kabisa. Mkuu wake aliirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu, akitaka iongezwe “uzito”. Ilitoka ukurasa mmoja na nusu, na mlipwaji alirudi kuuliza alipwe lini. Tumekuwa tukiwafundisha wanaoandika tu, huku wanaosaini tumewaacha nje.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mafunzo ya kwanza ya mwaka ujao yawe ya wakuu wa vitengo na watunza masijala, wakae meza moja na watumishi wao. Wanaokubali waandikishe majina kwa katibu kabla hatujaachana leo. Kila ofisi ilete barua mbili zilizokwisha kutumwa, na imlete mtu mmoja aliyewahi kupokea barua kama hizo.