Mafundi tunao, wa kulimaliza lori la zamani ndo hatumpati

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo najua linawasumbua wengi wenye magari ya zamani. Nina lori Bedford TJ, zile za pua ambazo Waingereza walianza kuzitoa 1958, aliliacha marehemu mzee wetu, limebeba sana korosho kutoka Newala kwenda Mtwara bandarini mpaka likachoka. Chesisi imeshakwanguliwa kutu na kupakwa redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, springi zimefungwa upya, injini ya petroli silinda sita imefanyiwa ovahoo na inawaka vizuri tu. Kilichobaki ni kabini, waya, breki na bodi la mbao la nyuma, yaani umaliziaji, na hapo ndo nimekwama.

Mtu atasema Dar imejaa mafundi. Kweli imejaa na ni hodari kabisa, nenda Gerezani uone kijana anavyokunja bati kwa nyundo tu mpaka linatoka fenda, nenda Keko utapata seremala wa kukufungia bodi la mkongo ambalo litakaa miaka. Tatizo kila mmoja anajua kipande chake na hakuna anayelishika lori zima akasema hili ni langu mpaka litoke getini. Mnyoosha bodi anapiga puti, mpaka rangi anapaka, kesho yake fundi umeme anakuja na drili anatoboa kabini kwenye rangi mbichi apitishe waya, na kutu inaanzia palepale kwenye lile tundu. Waya zilitakiwa kupita kabla ya rangi! Mwenye gari unabaki kuwa msimamizi wa kazi usiyoisomea, unakimbia huku na huku na bodaboda umebeba geji mfukoni.

Gereji kubwa nazo zimezoea Isuzu, Fuso na Hino, ukifika na Bedford neno la kwanza ni toa hiyo injini tuweke ya Isuzu. Kwa mtu wa kubeba mchanga naelewa, dizeli inakula kidogo na spea zimejaa Kariakoo, ingawa hata hapo lazima uende TRA kadi ibadilishwe namba ya injini. Lakini mimi nataka libaki Bedford, na Bedford ina mambo yake. Nati na bolti zake nyingi ni za inchi, fundi aliyezoea milimita akikosa bolti anasukuma ya kwake kwa nguvu, uzi unakufa kwenye bloku ya injini na sasa unatafuta mtu wa kuchonga upya. Breki ni za ngoma magurudumu yote na lori likikaa muda mrefu raba za silinda za breki zinakauka, huwezi kuongeza mafuta ya breki ukaondoka, lazima kila silinda ifunguliwe na ngoma zipimwe. Rimu zile zenye ringi ya kufungia ndo hatari kabisa, ringi isipokaa sawa wakati wa kujaza upepo inaruka na inaua mtu, nimeona vijana wanajaza wamesimama mbele yake bila hata kuweka kizuizi, inaniumiza sana roho.

Gereji moja ilichukua advansi yangu ya kabini, ikaiacha hiyo kabini nje mvua yote ya masika, nilipoifuata vitasa vya milango na geji mbili za dashibodi havipo na hakuna anayejua vilikoenda. General Motors, waliokuwa wenye Bedford, waliuza biashara ya malori hayo 1987, kwahiyo kitasa cha TJ siyo kitu cha kuagiza leo ukapata kesho, kikipotea kimepotea.

Wenzetu Nairobi wana mashindano ya Concours, ya magari yaliyotunzwa vizuri, tangu 1971, waamuzi wanaangalia mpaka chini ya gari na ndani ya boneti, na mashindano kama hayo yanampa fundi sababu ya kumaliza kazi vizuri hata pale pasipoonekana. Sisi hapa Tanzania, Arusha walifanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, watu walijaa, kwahiyo wapenzi wa magari ya zamani tupo na hela tunatoa. Kinachokosekana ni gereji ambayo ina kiongozi mmoja wa kazi, inapiga picha kila kitu kabla ya kufungua, inaweka nati kwenye vifuko vyenye majina, inaandika mkataba na kulipwa kwa hatua, kabini ikiisha unalipa ya kabini, waya zikiisha unalipa za waya. Na VETA pale Chang'ombe wanafundisha umakanika, uchomeleaji na umeme wa magari, naomba wafikirie kuwaweka vijana wa fani hizo tofauti kwenye gari moja la zamani walimalize pamoja, wajifunze nani aanze na nani afuate. Mimi hilo Bedford niko tayari kulitoa lifundishiwe.

Na kama kuna gereji yoyote, iwe Dar, Moshi, Tanga au popote, ambayo imeshamaliza lori la zamani na iko tayari kunionyesha hilo lori likitembea na breki zikishika, mwenyewe aandike kupitia ukurasa huu wa barua, nitamfuata hukohuko aliko.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam