Wanangu, msiondoke Ugogo bila kuaga

Barua ya wazi kwa vijana wamisionari mnaomaliza muda wenu katika vijiji vya Dodoma

Mbukwenyi wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Mwezi uliopita mwenzenu mmoja ameondoka katika kijiji kimoja hapa Chamwino, kituo chake cha kwanza tangu avuke bahari. Kijana tuliyempenda. Alifundisha kwaya ya vijana, alikaa msibani na wanaume mpaka usiku, na mlenda aliuzoea hata kiangazi akawa anauulizia ule wa kukausha. Siku yake ya mwisho gari lilimfuata alfajiri, watu wamelala. Kulipopambazuka, mama mzee aliyekuwa akimtekea maji alifika na mtetea aliyefungwa miguu na karanga kwenye pindo la kanga, akakuta kufuli mlangoni. Alisimama pale mpaka jua likawa kali.

Nimeambiwa alikwepa kuaga kwa sababu angelia. Mwanangu, ungelia tu! Nani alikukataza? Kwetu mgeni husindikizwa. Anatolewa mlangoni, anavushwa korongo, mazungumzo yanaendelea njiani mpaka mwenyeji aseme sasa narudi. Ukitoka gizani unatuachia swali: tulimkosea nini? Mpaka leo wanaulizana kisimani. Kama barua hii imekufikia, namba ya yule mama anayo mchungaji. Mpigie.

Hilo la kuaga linatibika kwa simu moja. Lisilotibika ni ahadi.

Miaka ya nyuma alikuwepo mwingine, naye mtu mwema, aliyemwambia binti wa jirani yake kwamba atamlipia chuo cha uuguzi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne. Sina shaka kijana alisema kwa moyo. Siku za mwisho upendo humjaa mtu akatamani kila mmoja amwachie kitu. Mjomba wa binti alipojitolea kumpeleka mjini akajifunze ushonaji, binti alikataa, kwa kuwa ana mfadhili. Fomu ya chuo aliiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Kila jioni alipanda kichuguu kilicho nyuma ya zahanati, maana ndipo mtandao unaposhika, akapiga. Mwanzoni simu iliita bila kupokelewa. Baadaye haikupatikana kabisa. Muda wa kuomba chuo ukapita, na mjomba naye pesa yake alikuwa ameshaielekeza kwa mwanawe. Leo binti yule anauza zabibu stendi. Kuuza zabibu si aibu, wengi wetu tumelelea watoto kwa zabibu, lakini yeye alitaka kuuguza watu, na kuna mtu alimwambia itawezekana.

Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, waliofika Mpwapwa mwaka 1876 walitoka pwani kwa miguu, na barua zao zilikaa njiani miezi. Mtu wa wakati ule akinyamaza, tunamwelewa. Ninyi mna WhatsApp mfukoni. Kwa hiyo usisimame madhabahuni ukasema "nitarudi mwakani" wakati hujui utakula nini mwakani. Na "Mungu akipenda" msiifanye kichaka cha kujifichia. Mwenye uwezo wa kusaidia aende kwa wazazi pamoja na mchungaji, kiasi kiandikwe na muda uandikwe. Asiye na uwezo aseme asante, inatosha. Hakuna Mgogo aliyewahi kufa kwa kuambiwa asante.

Mengine nayataja tu. Lipeni deni la dukani kwa mangi. Rudisheni baiskeli na majembe mliyoazima. Nguo mnazoacha msimkabidhi mtu mmoja azigawe, mtatuachia ugomvi. Picha za watoto wetu wakiwa na makamasi, zifuteni. Anayekuja kushika nafasi yako mtembeze nyumba kwa nyumba. Na huko mnakohamia msiwachoshe wenyeji kwa "kule Dodoma tulikuwa tunafanya hivi". Nao wanastahili kupendwa bila kupimwa na sisi.

Wenyeji wenzangu, nasi tuna letu. Hafla za kuaga tumezigeuza mnada. Risala ndefu, kila moja inaishia kwenye bati za kanisa na pampu ya kisima, huku waliompikia mgeni wako nyuma wanasugua masufuria, hawaitwi hata kupewa mkono. Watoto tumewazoesha kumwona kila Mzungu ni pesa, kisha tunashangaa vijana wa watu wanaahidi wasichokuwa nacho. Halafu mwinjilisti wetu, aliyezunguka vijiji kwa baiskeli masika na kiangazi, akihamishwa anaondoka na godoro limefungwa kwenye bodaboda, hakuna hata pambio moja. Huo ni utovu wa shukrani, na hauna Mzungu wa kusingiziwa.

Wanangu mnaoondoka kabla ya mvua za Desemba, treni ya SGR inawafikisha Dar es Salaam kwa saa chache, basi kateni tiketi ya mchana. Anzeni kuaga wiki nzima kabla, na mwanzie kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Kaeni, hata kama ni kwenye kigoda kimoja cha kupokezana. Wazee watataka kuwasindikiza hadi barabarani. Msiwazuie kwa kuwahurumia jua. Mkifika, tujulisheni.

Mama yenu,
mzee wa kanisa, Chamwino