Risala ya Kikundi cha Akina Mama Waanika Dagaa kwa Mgeni Rasmi, Sherehe za Kutimiza Miaka Minane

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na Serikali yako,
Viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama na akina baba, itifaki imezingatiwa.

Mwakeye! Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekuvusha salama. Ziwa Tanganyika limechafuka tangu alfajiri na mwingine angegeuza boti arudi Kigoma. Wewe hukugeuza. Tunashukuru pia kwamba umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2017 tukiwa akina mama 12, leo tupo 38. Kina katiba, kina mhuri, kina akaunti. Mengine ya historia yapo kwenye kiambatisho.

Mafanikio ni mengi mno. Tumejenga vichanja vya kisasa vya kuanikia dagaa, vipo viwili na cha tatu kinasubiri wavu. Tuna kitega uchumi cha kukodisha viti, hivi ulivyokalia ni miongoni mwake. Mawese yetu yamefika soko la kimataifa, kwani mteja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, alichukua galoni sita na ameahidi kurudi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tusikuchoshe na dagaa. Jambo lililoikalisha kamati mpaka saa tano usiku ni moja: kliniki ya wajawazito.

Tunaipongeza Serikali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. (Makofi.) Zahanati yetu nayo husifiwa vikaoni kwamba wajawazito wake wanatimiza mahudhurio manne. Ni kweli, tunahudhuria. Tunachouliza ni kwamba tukishafika pale, tunafanyiwa nini?

Mwezi wa pili, siku za mbalamwezi ambapo wavuvi hawaingii ziwani na sisi hatuna cha kuanika, tulikusanya kadi za kliniki za wanachama na za wakwe zetu, tukazitandaza mkekani. Mwalimu mstaafu akatusomea. Sehemu ya mahudhurio imejaa. Wingi wa damu, kadi zilizoandikwa zilienea kwenye kiganja kimoja. Mkojo, hakuna hata moja. Na presha, Ndugu Mgeni Rasmi, imeandikwa kila kadi, kila hudhurio, na kote ni 110/70. Binti wa mimba ya kwanza, 110/70. Mama wa mimba ya nane ambaye miguu imevimba hata kandambili hazimwingii, 110/70. Kijiji kizima tuna presha moja kama watu wa tumbo moja.

Hatumlaumu muuguzi wetu, na tunaomba sana asije akahamishwa kwa sababu ya risala hii. Yuko peke yake. Anazalisha, anachanja, anatoa dawa, anajaza rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya. Mashine ya presha mpira wake umepasuka, na akiacha nafasi wazi ripoti inarudishwa. Damu anaikadiria kwa kumfunua mama kope dirishani, siku ya mawingu sote tunaonekana hatuna damu.

Mwenzetu mmoja, ameketi hapa na hapendi atajwe, alitimiza mahudhurio yake manne. Kwenye ripoti ni mama aliyekamilisha. Kichwa kilimuuma wiki nzima, macho yakawa yanaona ukungu, tukasema ni malaria. Degedege ilimshika usiku ndani ya boti tukimpeleka mjini. Yeye alipona, mtoto hakupona. Daktari alitueleza kwamba kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na presha inayopanda kimya kimya. Ikifika 140/90 na mkojo ukaonyesha protini, mama haachwi arudi nyumbani hivi hivi. Kumbe ni mkanda wa mkononi na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Hivyo viwili ndivyo tulivyokosa.

Tunaambiwa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka mama aonane na mhudumu angalau mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Tunaunga mkono. Lakini 110/70 ikiandikwa mara nane badala ya nne, itakuwa imetuongezea foleni tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, hili si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mashine ya presha ndani ya wiki mbili, na katibu wetu aliandika tarehe. Wa mwaka jana aliomba nakala ya risala ili aifanyie kazi, tukampa, akapiga nayo picha. Mwaka huu tumechapa nakala nne.

Tunaomba mashine mbili za presha, moja ya betri kwa sababu umeme wetu unaujua. Tunaomba kipimo cha wingi wa damu pamoja na stripu zake na za mkojo, ziletwe kila robo mwaka, kwani mashine isiyo na stripu tutaishia kuifuta vumbi. Tunaomba mkunga wa pili. Na hili la mwisho halina gharama: wasimamizi wakija kukagua, wasiishie kwenye rejesta. Wasimame mlangoni wamuulize mama anayetoka amepimwa nini, ameambiwa majibu gani, anazijua dalili za hatari? Waandike anachojibu.

Kama mojawapo haliwezekani mwaka huu, tuambie hapa hapa, hatutakasirika. Tumezoea kusubiri, ila tungependa kujua tunasubiri nini.

Tumekuandalia migebuka na galoni ya mawese. Kabla ya chakula, kwa heshima zote, tunakuomba upite zahanati, ni hatua chache tu, ukapimwe presha. Muuguzi anakusubiri na kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Maandalizi, na kusomwa na Katibu wa Kikundi.