Tangi jipya lisiuzwe siku moja na samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa samaki wa mapambo wa hapa Dar es Salaam, pamoja na wale wanaokusudia kununua tangi lao la kwanza.

Mwaka jana nilinunua tangi la kioo la lita 120, chujio la sifongo, pampu ya hewa na samaki wanane wa jamii zinazotoka Ziwa Tanganyika, vyote katika duka moja, alasiri moja. Maji ya bomba niliyatia dawa ya kuondoa klorini kama nilivyoelekezwa, yakawa maangavu, na watoto wakakesha wakitazama. Siku ya nne samaki walianza kuhema juu juu ya maji, na kufikia siku ya tisa alikuwa amebaki mmoja. Niliporudi dukani kuuliza, niliambiwa nimwage maji yote na kuliosha chujio bombani mpaka sifongo lirudie weupe wake. Nilitii, na huyo mmoja naye akafa.

Naamini ushauri ule ulitolewa kwa nia njema, lakini uliangamiza kile kidogo kilichokuwa kimeanza kuwaokoa. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi yake kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini ya tangi huiongeza. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kuwa maangavu kabisa huku yakiua. Wanaoiondoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye sifongo na changarawe: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na kundi la pili huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huzaana polepole mno, kiasi kwamba tangi jipya huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kubeba samaki. Klorini ya bombani huwaua.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, na hili sijasikia likitajwa dukani hata mara moja. Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili, na ile iliyo kali huongezeka kadiri pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inavyopanda. Katika nyuzijoto 25, maji yenye pH ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali hiyo kali. Kwenye pH ya 8 hufika takriban asilimia 5, na kwenye pH ya 9, ambayo ndiyo hali inayokaribiana na ya ziwa lenyewe, huzidi theluthi moja. Joto nalo huizidisha, na maji ya Dar es Salaam si ya baridi.

Safari ya pili niliendesha tangi lenye maji bila samaki. Ili kuwalisha bakteria, nilitia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo cha matone kikaonyesha miligramu 2 kwa lita, nikaomba kwa rafiki kipande cha sifongo kutoka tangi lake la zamani lenye samaki wazima, nikakiweka kando ya changu, na pampu sikuizima usiku wala mchana. (Umeme ulipokatika nilitumia pampu ndogo ya betri, kwani bakteria hao nao wanahitaji oksijeni.) Sikuingiza samaki mpaka kiasi hicho cha amonia kilipoweza kuisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikasoma sifuri. Ilichukua siku 26. Samaki niliowaingiza wako hai hadi leo, na sifongo nalikamua kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si bombani.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba mteja wa tangi jipya aondoke na tangi, chujio na kipimo cha amonia, na samaki wake awafuate baada ya kuleta sampuli ya maji ipimwe hapo hapo dukani. Muuzaji atasubiri mwezi mmoja kupata fedha ya samaki, lakini huyo mteja atarudi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam